Mzee Koti Mbili na Ubao wa Nyuma

Leo Ijumaa, siku ya mwisho ya mwezi, Mzee wetu Koti Mbili anastaafu baada ya kuitumikia karakana ya boti kwa miaka thelathini na mmoja, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo akiwa msimamizi wa kitengo cha faiba. Aliingia na nywele nyeusi na ovaroli ya buluu. Anatoka na upara na ovaroli ile ile, ambayo ingali mpya kwa sababu haikusumbuliwa sana.

Mkuu wa karakana aliniita ofisini kwake akaniomba niandike wasifu wa mzee kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Alinisihi nimpambe, maana siku ya kuagana si siku ya kufukua makaburi. Nilimwitikia kwa adabu zote. Nikaenda nikaandika haya mnayoyasoma, nikampelekea mezani, akasaini bila kusoma, kama anavyosaini kila kitu kinachotoka kitengo chetu. Kwa hiyo, wageni wetu wapendwa, maneno haya yana baraka zote za ofisi. Mwenye malalamiko aanzie huko.

Mtashangaa jina. Jina alilopewa na wazazi wake analo, na nasikia mkewe hulitumia akikasirika. Hapa kazini anaitwa Koti Mbili, na jina hilo hakupachikwa kwa chuki, alilitafuta mwenyewe kwa bidii. Boti yoyote iliyoletwa, iwe na ugonjwa wowote, mzee aliizunguka mara moja mikono ikiwa mgongoni, akasimama nyuma yake, akakohoa kidogo, akatoa hukumu: "Msasa, puti, rangi koti mbili," yaani sugua, ziba mashimo, paka rangi mara mbili. Sakafu inabonyea? Msasa, puti, koti mbili. Maji yanaingia na hayajulikani yanapitia wapi? Koti mbili. Angeletewa mgonjwa wa homa angempiga msasa kwanza ndipo aulize anaumwa nini.

Najua wengi wenu hamjawahi kuona boti ya faiba iliyopasuliwa, basi nieleze kidogo, ili msije mkadhani namwonea mtu. Ganda la faiba mnaloliona likimeta lina sifa nyingi, lakini likiwa peke yake linalegea kama beseni la plastiki lililojaa maji: ukilinyanyua ukingoni linajikunja. Kinacholipa nguvu ni mbao zilizofichwa ndani yake. Kuna mihimili, yaani mbao ndefu zinazopita chini ya sakafu kutoka mbele hadi nyuma. Na kuna ubao wa nyuma, ule mpana unaobeba injini. Mbao zote hizi zimevikwa faiba zisionekane, na hapo ndipo uhuni wote unapozaliwa. Tundu moja la bolti likiachwa bila kuzibwa vizuri, maji huingia, hukaa, na ubao huoza taratibu ndani ya nguo yake safi. Kwa nje boti ni bibi harusi. Kwa ndani unaweza kuuchota ubao kwa kijiko.

Wenye boti nao wana mchango wao katika hili, tusimtwike mzee peke yake. Sijui ni nani aliyewafundisha kwamba boti haijakamilika mpaka itobolewe. Hapa taa, hapa kishikio cha mwavuli, hapa mlingoti wa bendera, hapa kopo la sigara. Wanatoboa kwa furaha na hawazibi. Kisha wanatuletea boti iliyolewa maji na kutuuliza kwa nini ni nzito siku hizi.

Dawa ya ugonjwa huo ni moja, nayo ni chungu. Unakata sakafu. Unang'oa mihimili. Unachimba ubao wa nyuma wote mpaka ukutane na faiba safi. Unakausha, unakata mbao mpya, unazinywesha gundi, unazivika mikeka ya faiba tabaka juu ya tabaka. Ni kazi ya wiki nyingi. Vumbi lake huwasha mpaka kwenye kope, na usiku unajikuna mpaka mwenzako anahama kitanda. Ukishamaliza, unafunika yote kwa sakafu mpya na hakuna binadamu atakayeona ulichofanya. Sasa weka kazi hiyo upande mmoja na kopo la rangi upande wa pili, mtaelewa mzee alichagua nini kwa miaka yote hiyo.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Boti za Mzee Koti Mbili zilielea, sikatai. Kuundwa ni habari nyingine.

Mafanikio yake ni mengi, na lililo maarufu kuliko yote ni boti ya doria. Wakati huo nilikuwa bado mgeni kazini, sisi vijana wa kitengo tulikuwa na nguvu nyingi na akili ya kuazima. Agizo lilitoka juu kwamba boti ile ipasuliwe kweli, na mzee hakuwa na pa kukwepea. Akatuambia tuiweke juu ya mapipa mawili, moja mbele na moja nyuma, tung'oe. Tulimuuliza kama inafaa kung'oa mihimili yote na ubao wa nyuma kwa pamoja, boti ikiwa imening'inia namna ile. Mzee alikuwa kivulini na kikombe chake. "Ng'oeni tu, mbona waoga hivyo?" Tukang'oa. Ganda lisilo na mbao halina msimamo, kwa hiyo likabonyea katikati ya mapipa na kujipinda upande, kama mtu aliyelala kwenye benchi fupi. Sisi tukatia mihimili mipya juu ya upinde ule ule, tukaivika faiba, ikakauka. Faiba ikishakauka haina majadiliano.

Tangu siku ile boti ya doria inakwenda kushoto. Dereva wake ameukaza usukani kulia miaka yote hii mpaka mkono wake mmoja umejaa kuliko mwenzake, na mkewe anamshonea mashati ya mkono usiolingana. Wavuvi haramu wote wa maji haya wanajua: ukifukuzwa na ile boti, kata kulia. Sijasikia aliyekamatwa. Mzee aliipiga koti mbili, na mwaka huo huo akatunukiwa cheti cha mfanyakazi bora. Mkuu alimpiga picha mbele ya boti hiyo, na picha ipo hadi leo ukutani ofisini. Ukiitazama vizuri utaona mpiga picha ameinamisha kamera ili boti inyooke, ndiyo maana mzee anaonekana kama anayeanguka.

Mafanikio mengine ni sheria aliyotuwekea ya kutogonga. Fundi wa faiba hutambua ubao kwa kuugonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Ubao mzima hujibu kwa sauti kavu, ko. Uliooza hujibu kama godoro. Ni kipimo cha bure na mtoto anaweza kukifanya. Mzee alikipiga marufuku. Alisema kugonga kunaharibu rangi, na kwamba fundi mwenye heshima hapekui alichokifunika mwenzake. Alipoona bado tunagonga kwa kuibia, alibuni jambo ambalo, kwa kweli, lilihitaji akili: alianza kutoboa palipooza, akapajaza puti ngumu karibu na uso wa juu, akapiga msasa, akapaka. Sasa hata ukigonga unajibiwa ko, kumbe ni puti ndiyo inayokudanganya, nyuma yake kuna uji. Aliyebuni hilo si mvivu wa kufikiri. Hilo mlishike, nitalirudia.

Alihudhuria pia semina. Semina za usalama wa vyombo vya majini hakukosa hata moja. Alirudi na mkoba, kofia na fulana iliyoandikwa maneno mazuri, na kesho yake alitusimulia kuhusu chakula.

Sasa nije kwenye boti ya wanafunzi, na hapa naomba niache utani kidogo. Boti hiyo inawavusha watoto kwenda shuleni asubuhi na kuwarudisha mchana. Nahodha wake ni mtu mpole, si wa kelele. Miaka miwili iliyopita alikuja karakana kofia mkononi, akamwambia mzee kwamba akiongeza mwendo injini inanesa kule nyuma kama kichwa cha mtu anayesinzia. Mtu yeyote mwenye kazi yake akisikia maneno hayo hulala na viatu. Injini ikinesa maana yake ubao wa nyuma umeoza, na ubao ukiachia, injini inazama na kipande cha boti, na maji yanaingia kwa mlango mpana. Mzee aliizunguka boti. Akakohoa. Akamwambia nahodha, "Waambie watoto wakae mbele mbele, uzito ukae sawa." Kisha msasa, puti, na mnajua kilichofuata.

Nahodha, kwa kuwa ni mtu wa kutii, aliwapanga watoto mbele. Mpaka leo wamepangwa hivyo, wamebanana kama vijiti vya kiberiti, na nyuma kuna benchi tupu. Wamezoea, wanadhani ndivyo boti zinavyokaliwa. Nilikasirika, na sijapoa. Nilikwenda kwa mkuu nikamweleza. Akaniambia mzee amebakiza muda mfupi, tumwache amalize kwa heshima. Heshima ya nani, hakusema.

Mpaka hapo, mimi na wenzangu wote wa kitengo tulikuwa na maelezo yetu kuhusu Mzee Koti Mbili, na maelezo hayo yalitufariji: mzee hajui kazi. Alipata cheo kwa sababu ya umri, au kwa sababu ya ndevu, lakini kazi haijui. Mtu asiyejua unamcheka, unamhurumia kidogo, maisha yanaendelea. Tulimcheka sana. Mwenzetu wa grenda, ile mashine ya kukatia faiba, alikuwa anamwigiza wakati wa chai, mikono mgongoni, kikohozi na yote.

Mwanzoni mwa mwaka huu kitindamimba wa mzee, binti yake muuguzi, alipangiwa zahanati ya ng'ambo ya maji. Mzee alituletea soda, akatutangazia. Tulimpongeza kwa moyo, binti mwenyewe tunamjua, amekulia humu akikimbizana na mbwa wa mlinzi. Nikamuuliza mzee, kwa nia njema kabisa, kama binti atakuwa anavuka na boti ya muuguzi, ile ya kitengo chetu inayowavusha wauguzi wa zahanati hiyo. Akasema ndiyo, mara tatu kwa wiki. Soda yake aliiacha nusu.

Kesho yake nilipofika kazini nilidhani kuna mwizi. Kulikuwa na miguu imechomoza chini ya boti ya muuguzi. Ilikuwa ya mzee. Alikuwa amevaa ovaroli, amelala chali kwenye boksi lililopasuliwa, na mkononi ana nyundo. Alikuwa anagonga! Anagonga, anasogea kiganja kimoja, anasikiliza, anagonga tena. Aliponiona hakuona haya. "Dada, nipe grenda," aliniambia. "Na mtafute mbao za kutosha kitanda, hii boti haikai juu ya mapipa."

Kwa wiki zote zilizofuata tulishuhudia kitu ambacho sijui nikiite nini. Kwanza alijenga kitanda cha mbao kilichofuata umbo la boti, akakiwekea vishikizo kila palipohitaji, ili ganda lisibonyee hata unywele. Akavuta nyuzi kutoka mbele hadi nyuma, akazipima kwa pima maji, akatulia, akazipima tena. Aling'oa mhimili mmoja, akauweka mpya mahali pake mpaka ukakauka, ndipo akagusa wa pili. Ubao wa nyuma hakuugusa mpaka mihimili yote imeshika. Alipoufikia aliukata kutoka ndani, akaliacha ganda la nje zima, akachimba uozo wote kwa patasi. Ulitoka mweusi na wenye maji, ukanuka karakana nzima. Alichonga mfano wa ubao kwa boksi kwanza, akaujaribisha, akaukata tena. Pembeni alijaza gundi iliyochanganywa na unga wake, akaiviringisha kwa mgongo wa kijiko ili mkeka wa faiba upinde bila kuacha hewa. Matundu ya bolti aliyatoboa makubwa, akayajaza gundi, yalipokauka akatoboa upya katikati ya gundi hiyo, ili bolti isiguse mbao maisha yake yote.

Mwenzetu wa grenda aliacha povu moja la hewa chini ya mkeka, dogo kama punje ya mtama. Mzee alilikata lote tabaka lile akalirudia. "Wewe hapa ungelala usingizi?" alimuuliza. Hakuna aliyecheka.

Niliirudia kauli hiyo nyumbani mara nyingi. Maana hapo ndipo nilipoelewa. Mzee alikuwa anajua. Alijua tangu siku ya mapipa mawili, kivulini na kikombe chake. Alijua nahodha alipokuja kofia mkononi. Mikono ile haikujifunza kazi mwezi ule, ilikuwa nayo muda wote, imekunjwa mgongoni. Sisi tulimdharau tukidhani hajui kazi, na nakiri tulikosea: dharau tuliyompa ilikuwa ndogo kuliko stahili yake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na kwa Mzee Koti Mbili binadamu walikuwa nyumbani kwake tu.

Siku ya kuikabidhi boti, binti alikuja na mkoba wake wa kazi. Mzee alimshika mkono akamtembeza. Alimwambia aruke juu ya sakafu, binti akaruka. Aliugonga ubao wa nyuma ili binti ajisikilizie mwenyewe, akamweleza kila tundu. Machozi yalimlenga mzee, na nisiwe mwongo, hata mimi yalinikaribia, kwa sababu ile ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizoziona humu ndani. Ndipo binti akageuka akaitazama boti ya wanafunzi, iliyokuwa imepandishwa jirani kwa ajili ya rangi. Akauliza kwa upole kabisa, "Baba, na hizi nyingine umezifanya hivi hivi?"

Mzee alichukua kitambaa akaanza kujifuta gundi mikononi kwa asetoni. Alijifuta mpaka mikono ikawa myeupe, na akaendelea kujifuta. "Hizo ni za kazi tu, mwanangu," alisema mwishowe. Binti akatutazama sisi mmoja mmoja. Tukakuta viatu vyetu vina mengi ya kutazamwa.

Sasa hali ndiyo hii, na ninaiandika wazi ili kila aliyealikwa aijue. Ukiacha ya muuguzi na ya doria, kitengo kina boti nne: ya wanafunzi, ya wakaguzi, na mbili za abiria. Zote zinang'aa. Baadhi ni nzima na baadhi zimeoza, na kwa zile puti zake za ujanja, kugonga hakutwambii ipi ni ipi. Hata ya wanafunzi, ambayo mimi naapa kuwa imeoza, mkuu anasema injini ilinesa kwa sababu ya bolti iliyolegea, na mzee akamuunga mkono. Kuzipasua zote kwa pamoja kutawaacha watu wa ng'ambo bila usafiri kwa miezi, na mkuu hataki kusikia. Amesema ataruhusu zipandishwe zile zitakazothibitika kuoza tu. Anayeweza kuthibitisha ni mmoja. Tumemuuliza mzee kwa heshima, tumemuuliza kwa kunong'ona, tumemuuliza kwa soda. Jibu ni lile lile: zote ziko sawa, msinichafulie jina siku za mwisho. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa kifo kinaweza kumpita mficha maradhi kikawafuata watoto waliobanana mbele ya boti.

Kwa hiyo tumepanga sherehe vizuri. Kama ilivyo desturi ya karakana, mstaafu huzungushwa majini pamoja na familia yake, kwa boti anayoichagua mwenyewe gatini. Mzee alikuwa amekwisha kutuambia atatumia boti ya muuguzi. Tunasikitika, haipo. Binti yake aliomba mwenyewe zamu ya leo, akaondoka nayo asubuhi. Amesema atawahi chakula, na amesema baba yake asiharakishwe. Boti ya doria nayo ilitoka tangu alfajiri na nadhani bado inazunguka. Zimebaki zile nne. Wiki hii kitengo kizima tumezipiga msasa na rangi, koti mbili, rangi moja, ili mtu asije akasema amechagua kwa uzuri. Mabenchi ya nyuma yote tumeyafuta vumbi.

Hii ndiyo sehemu ya shukrani. Mama, mke wa mzee, tunakushukuru kwa miaka yote uliyomfulia ovaroli isiyochafuka. Wewe hatuna neno nawe, na utusamehe kwa jioni utakayokuwa nayo. Mzee wetu, tunakushukuru kwa boti moja. Ni nzuri sana. Sijawahi kuona ubao wa nyuma uliokaa vile, na wanangu ningewapandisha humo nikiwa nimefumba macho. Ninakuchukia kidogo kwa ajili yake, na nimejifunza kwayo kuliko nilivyojifunza miaka yote niliyokuwa chini yako.

Tunakuombea pumziko jema, afya, usingizi, na wajukuu watakaokuzunguka mpaka uchoke nao. Watatu tunawaona wameshavaa majaketi ya kuokolea, mdogo limemfika magotini. Wasifu huu ukimaliza kusomwa, tutakusindikiza gatini polepole, nasi tutatembea nyuma yako. Utakazozipita, mkuu wetu amesaini hapa chini kwamba zitapandishwa Jumatatu zikapasuliwe. Ukitaka kutudanganya mpaka dakika ya mwisho, unaweza, hakuna atakayekuzuia. Chagua yoyote, mzee. Ila mjukuu utampakia wewe mwenyewe, na atakaa benchi la nyuma.